Mstari wa Vitone

Chumba cha pili kutoka ngazini, Shangani, Mtwara.
Feni inachechemea darini
na mimi nimekaa mbele ya bahari isiyo na maji.
Maji nimeyatoa. Ndiyo kazi yangu:
naivua bahari shuka, nalikunja pembeni,
nabaki na kitanda.

Meli ilipita mwezi wa nne ikiburuta nyaya,
kama mtu ashikaye kamba ya mbuzi aliyekwisha toroka.
Kila baada ya sekunde kumi, bunduki ya hewa:
hodi?
Na chini kukaitika, tabaka kwa tabaka,
mchanga wa Ruvuma kwanza, kwa sauti ya kwenye mto wa kulalia,
kisha tope lililogeuka jiwe kabla ya majina,
kisha mwamba, ambao haujibu hodi
ila kwa kukohoa.

Kikohozi hicho ndicho ninachokichora.
Cheusi, cheupe, cheusi, cheupe,
kama ukili kabla haujashonwa mkeka,
mpaka pale ukili unapokatika
na upande wa kushoto umeshuka mita thelathini
bila kuomba radhi.
Hapo naweka mstari mwekundu.

Kwenye ripoti nyufa zina namba.
Kichwani mwangu yupo Shemeji, haonekani ila misibani;
yupo Mdeni, hujificha chini ya mashapo watu wakipita.
Bwana Hokororo, mkuu wetu, hapendi mambo hayo.
"Ukishaupa jina," anasema, "utauonea huruma,
utauchora mfupi."

Huku bamba la bara, kule bamba lisilo na mwenyeji,
yanaachana milimita kwa milimita,
mwaka kwa mwaka. Ukucha wangu unayashinda mbio.
Talaka isiyo na kadhi,
na eda yake haijaisha tangu kabla ya samaki.

Tulikwenda Msimbati na ramani iliyochapwa kwenye turubai,
tukaitundika ofisi ya kijiji kwa misumari ya kuazima.
Bi Somoe Nantende akasimama, mtoto mgongoni:
"Mlikuja kwa gesi. Sasa mmekuja kwa mitetemo.
Kwa maji ya bomba mnakuja lini?"
Kimya. Halafu mtu wa nyuma akasema,
si mliambiwa, msipoziba ufa mtajenga ukuta?
Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.
Nami nilicheka. Kiwanda cha saruji kipike usiku na mchana,
wajukuu wapokezane zamu,
ufa ule hautajua kama umeguswa.

Sikuwaambia habari za nyumba yetu, Mikindani.
Ukuta wa mawe ya matumbawe, sebuleni,
na juu yake kalenda ya duka la pembejeo.
Usiku ule vikombe vilipogongana kabatini
mama aliinua kalenda, akachukua penseli,
akaandika tarehe na neno moja: *hapa*.
Nilipokwenda Idi nilichungulia.
Zipo *hapa* tatu, moja chini ya nyingine,
zikishuka kuelekea mlangoni.
Ameanza utafiti bila meli.

Leo nimefika mwisho wa takwimu.
Meli ile haiwezi kuingia maji ya magoti;
kati ya mstari wangu wa mwisho na ufuko
kuna kilomita tisa za kutojua.
Nimeweka rula. Rula haina adabu,
inakwenda moja kwa moja Mikindani.
Mstari mzima maana yake: nimeona.
Vitone maana yake: nadhani.
Nimeweka kitone kimoja, nikakifuta,
nimeweka tena, kumi na nne, nimehesabu,
na cha mwisho nimekiacha majini,
mbali kidogo na nyumba yoyote.
Bwana Hokororo ataniuliza kwa nini hapo.

Simu inalia. Ni mama.
Anasema mwaka unaisha, nisisahau kalenda.
Safari hii, anasema,
iwe kubwa kidogo.