Punje ya Kijani

Sinia hii ilipakuliwa pilau ya arusi yangu.
Sasa imetandikwa kipande cha kanga kilichokufa rangi,
ili shanga zisiruke zikaingia sakafuni.
Nyumba za Langoni zina nyufa zenye njaa:
kila mwezi zinanila punje arubaini, hamsini,
na hakuna fagio lililowahi kuzitapisha.

Oda ni ya Khuleta, mama wa bibi arusi.
Kidani cha nyuzi saba: nyeupe ya maziwa, buluu ya nili,
na kila baada ya saba, punje moja ya kijani.
"Si kijani cha mnazi," alisema, "wala cha mlango wa msikiti.
Cha tango."
Nikakitafuta Mombasa kwa simu,
kikaja kwa basi, kifuko kimoja, hesabu kamili.
Nilipomtajia elfu mbili na mia tano
alinitazama kama nimemwibia.
"Somoe, kwani ni dhahabu? Ni shanga tu."

Shanga tu.
Njoo basi uketi nami, mgongo kwenye kiwambaza,
hadi kisigino kife ganzi.
Uone tundu la sindano linavyopungua kila mwaka
na wenye kiwanda wanaapa hawajabadilisha kitu.
Uulambe uzi. Uulenge. Ukose.
Uulambe tena mpaka ulimi uijue nailoni kuliko chai.
Kisha umwite mtoto wa jirani, mwenye macho mapya:
"Swaleh, njoo unitungie."
Naye atunge mara moja, bila hata kukatiza hadithi yake.

Hiyo nailoni naipata duka la zana za uvuvi.
Muuzaji huniuliza, ya samaki gani?
Humjibu: mwenye shingo.

Nyeupe tano, buluu mbili, kijani.
Nyeupe tano, buluu mbili.
Umeme ukakatika kwenye uzi wa nne.
Nikaibana simu kwa meno, tochi ikiwaka,
nikaendelea, kijani, nyeupe tano,
mate yakidondokea kidani cha watu.

Uzi wa sita, mchana wa Ijumaa, kijani kimoja hakipo.
Nikainua mkeka. Nikakung'uta kanga.
Nikamshtaki kuku.
Nikapiga magoti nikachokoa nyufa kwa uchelewa,
nikapata nyeupe za mwaka juzi, jino la mtoto,
na senti tano ya zamani yenye tundu katikati
(nayo, nikafikiri, ingetungika).
Kijani, hakuna.

Na Swaleh amenyamaza.
Swaleh, ambaye hanyamazi.
Anapumulia mdomo.
Nikamwinua kidevu, nikamgeuzia dirishani:
kule ndani, pua ya kushoto,
kijani cha tango.

Nikaiziba ya kulia. "Puliza, baba. Zima mshumaa kwa pua."
Mara ya tatu kikatoka na mali yake yote,
kikagonga sinia: ti.
Tukatazamana. Mama yake alikuwa sokoni.
"Hatumwambii," akasema.
"Hatumwambii," nikasema.

Nikakiosha kwa sabuni. Nikakiosha kwa maji ya moto.
Nikakisomea, kama yapo ya kusomea jambo lile.
Nikakitunga karibu na kifungo,
pale kisogoni, nywele zikifunike.

Usiku wa kupamba, udi umetukaba koo,
bibi arusi kaketishwa, macho chini,
kidani kimelala kifuani kama kimezaliwa naye.
Khuleta anazunguka akiwatajia watu bei.
Si bei yangu. Ameongeza elfu tatu.
Na wote wanakisifu kile kijani.

Mara bibi arusi akapeleka mkono kisogoni,
akaguse nini sijui,
akakunja uso,
akapiga chafya.

Ukumbi mzima ukamwombea rehema.
Mlangoni, kati ya rundo la viatu vya wanawake,
Swaleh alinitazama mimi,
akashika pua yake taratibu
kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.