Magurudumu Madogo

Nilimwambia Anyosisye, fundi wa pale Uyole,
"Nipe ile nyekundu."
Akafuta grisi vidoleni, akatabasamu:
"Huku tunasema naomba, mama."
Nikaomba.
Elfu thelathini kwa siku, mafuta juu yangu,
na paspoti yangu ya Kenya ikalala rehani
drooni, kati ya plagi kuukuu na daftari la madeni.

"Breki ya mbele usiishike peke yake.
Ya nyuma ina usingizi, iamshe mapema.
Na skuta si pikipiki.
Shimo analoliruka bodaboda
wewe litakumeza."
Kofia aliyonipa ilinuka nywele za watu nisiowajua.

Miaka ishirini na sita, kule Voi, nilikaa nyuma,
upandeupande, magoti pamoja kama mke wa mchungaji,
mkono kiunoni mwa Mwakio, kapu la mboga mapajani.
Njia niliijua kwa harufu na kwa mgongo wa shati lake.
Hakunikataza usukani. Sikuuomba.
Vespa shemeji aliiuza kabla matanga hayajaisha.

Na kwetu, mjane wa miaka hamsini na mbili
akipanda kitu cha magurudumu mawili
habari humtangulia sokoni.
Mgeni ni kuku mweupe, sawa,
lakini kuku mweupe nani anajua ni mama wa nani?

Basi nikapanda. Igawilo, kisha mlima.
Isongole ukungu ulishuka bila hodi,
baridi yake ya kwenye meno,
na ndani yake magunia ya viazi kando ya lami
yamejipanga kama abiria waliokata tamaa.
Lori la kutoka mpakani likanipita,
upepo wake ukanipiga bega hadi ukingoni,
nikamtaja Mungu kwa Kidawida,
lugha ambayo woga wangu ulizaliwa nayo.

Kisha ukungu ukapasuka
na mlima Rungwe ulikuwa pale muda wote,
umekaa.
Migomba ikiteremka bondeni hadi macho yachoke,
chai imekatwa sawasawa kama kichwa cha mwanafunzi Jumatatu,
nami nikapiga kelele ndani ya kofia,
si wimbo, si sala, kelele tu,
kwa kuwa hapakuwa na mgongo wa mtu mbele yangu.

Hapo ndipo nilipoanguka.

Kona ya kuelekea Kiwira, tope la trekta,
mkono ukakamata breki ya mbele, peke yake.
Skuta ililala kwa adabu, mimi chini yake,
ekzosi imenata kwenye shavu la mguu.
Mama Tumpale wa ndizi alifika
kabla sijajua kwamba ninalia.
Akanimwagia maji, dumu zima, kimya, ndipo akauliza:
"Ulikuwa unakwenda wapi?"
"Popote."
"Popote ni mbali. Kula kwanza."

Vijana wawili walinyoosha usukani kwa magoti yao
wakakataa hela.
Wa tatu, aliyekuwa akitazama tu,
akazipokea kwa niaba ya wote.
Nikasema ndaga fijo, nikaipinda mahali fulani,
wakacheka mpaka nami nikacheka na ndizi mdomoni.

Anyosisye alinikata elfu arobaini ya kioo.
Akanirudishia paspoti, akautazama mguu,
akaitazama skuta kwa muda mrefu zaidi.
"Kesho?" aliuliza.

Sasa ni usiku, gesti ya Mwanjelwa, mablanketi mawili.
Jeraha linapwita, lina saa yake.
Mghanga anapiga simu: "Mama, uko salama?"
"Niko Mbeya."
"Hilo si jibu."
Najua, mwanangu.
Nje kuna mtu anapandisha kilima kwa gia ya pili,
injini inalalamika, haizimi,
na chini ya blanketi mkono wangu wa kulia
unaongeza mafuta.