Kidole cha Sita

Nimerudi Tbilisi na brashi mfukoni,
hadi tanuri la Lamara, mtaa wa chini.
Picha yangu ya ujanani ingali ukutani,
imelishwa moshi na unga:
mwanamke ameshika mkate
kwa vidole sita.

"Nipe dakika tano tu, nikifute kimoja."

Hakugeuka. Alikuwa akibandua mikate tanurini.
"Wanangu walijifunzia kuhesabu hapo, Otari.
Mpaka leo yule mdogo akifika kumi
husita kidogo, kama anayemsubiri mtu."

Nikapanda kigodani hata hivyo.
Rangi mbichi, mkono mtulivu, mkono uliosomea kazi,
nikavitazama vyote sita, kimoja kimoja,
nisijue ni kipi kilichozidi.

Nikashuka.
Mkate wa moto nikaubeba kwa mikono miwili.