Zamu

Kule Kibosho nilikozaliwa, maji hayakuwa ya mtu.
Mfongo ulipita juu ya shamba letu, ukashuka kwa akina Lyatuu,
ukaishia kwa mjane mmoja pale chini, karibu na barabara.
Siku ya zamu yake, hata mwenye ng'ombe kumi
aliziba tundu lake kwa gogo la mgomba na udongo,
akakaa kibarazani
akisikiliza maji yakimpita.

Nilikuwa nayawaza hayo
Jumanne moja, kliniki ya damu, Moshi mjini,
nimekalia benchi la kijani, kikaratasi mkononi:
kumi na moja.

Kidonge kilikuwa kimefika. Kidogo, cha rangi ya chungwa.
Cha watu kumi na mmoja, alisema daktari,
akaendelea kuandika hata pale alipokuwa haandiki.

Kumi na mbili alikuwa Ndeshiwoni,
fundi cherehani wa Mbuyuni.
Asubuhi ile alinipisha mlangoni
kwa kuwa nilikuwa natetemeka.

Nilikwenda kwake na wembe, tukikate.
Alicheka mpaka akashika mbavu.
"Nusu haimponyi mtu, Aikande. Soma karatasi yake.
Meza chako. Halafu kaulize changu kiko wapi."

Nikaenda kuuliza.

Miaka ishirini na mbili niliandika vitabu vya chama cha kahawa;
hesabu isiyofunga naisikia kabla sijaiona.
"Dawa haimo kwenye orodha, mama."
Orodha anaiandika nani?
"Kamati."
Kamati inakaa lini?
"Ikikaa tutakujulisha."
Safari ya nne karani alikuwa ameshanihifadhi kwenye simu yake:
Mama Orodha.
Jina halikunichukiza. Nilinunua daftari la kurasa mia,
nikaanza ya kwangu:
Pasua, wawili. Njoro, mmoja, mwanafunzi.
Himo, baba na bintiye.
Rombo, mtu aliyeuza shamba akanunua miezi mitatu.
Sikuandika "wagonjwa". Niliandika majina,
na mbele ya kila jina, tarehe alipoambiwa asubiri.

Kamati ikakaa. Ndeshi alinishonea gauni la kuendea,
kitenge cha bluu, kola ya heshima.
Mkono mmoja ulizidi mwingine kwa nusu inchi;
vidole vyake vilikuwa vimeanza kufa ganzi.
Aliona. Akaniona nimeona.
Akakata uzi kwa meno.

Mezani palikuwa na maji ya chupa, kila mjumbe na yake.
Mmoja, mpole, aliinama mbele:
"Lakini mama, wewe si dawa unapata?"

Napata.
Ndiyo maana nina nguvu ya kupanda ngazi zenu.
Kwetu aliyemaliza zamu haendi kulala.
Hushuka gizani na jembe begani
akamfungulie wa chini yake,
na akikuta juu kuna aliyeziba usiku,
hapigi kelele. Hubisha hodi.
Hodi ya tatu, kijiji kizima huwa macho.

Waliandika kitu. Sijui walichoandika.

Daftari limefika jina la arobaini na tatu.
La kwanza ni lake, na yako majirani wanaoniambia
sasa nilipige mstari.
Sipigi. Tarehe yake ya kusubiri haijajibiwa.

Jumanne nitapanda tena zile ngazi
kwa gauni la bluu.
Mafundi watatu wamejitolea kunisawazishia mkono ule.
Nimewakatalia.