Vivyo Hivyo

Daftari la kwanza lina jalada la buluu,
pembe zimeliwa na panya, linanuka klorini.
Mwandishi wake alikuwa Baba Cikuru,
mwenye mwandiko wa shule ya mapadri,
kila herufi imesimama wima kama inangoja komunyo.

Safu ya mwisho: Sababu.
Kifua kikuu, aliandika, mstari wa juu kabisa.
Chini yake: vivyo hivyo.
Vivyo hivyo. Vivyo hivyo.
Kufikia Machi mkono ulichoka,
akaacha maneno, akaweka vidoa viwili viwili,
vikishuka ukurasa mzima
kama mvua ya Kadutu ikivuja batini.

Nimeketi na madaftari haya tangu asubuhi.
Wakubwa wametaka mchoro.
Nimeuchora kwa penseli, na kweli, unashuka:
vidonge vilipofika
mstari uliteremka kama njia ya kwenda Ruzizi,
kurasa zikapata mapengo meupe,
na Baba Cikuru, nasikia, alilia
siku alipofunga mwezi bila kugeuza karatasi.

Ila huku mwishoni hauteremki tena.
Unatambaa.
Kifo kimehama kifuani, kimepanda kichwani:
kuvu kwenye utando wa ubongo,
ugonjwa wa waliochelewa kupima,
wa walioacha vidonge kwenye nyumba
waliyoikimbia usiku, ufunguo bado mfukoni.

Murhula, miaka thelathini na mmoja,
fundi wa redio pale Nyawera.
Kichwa, wiki tatu. Alimeza parasetamoli,
akaombewa Jumatano, akaombewa Ijumaa,
akafunga kibanda kwa kuwa mwanga ulimuuma.
Alipofika kwetu aliniuliza
mbona redio zote zinaongea kwa pamoja.
Sindano ya mgongo ilitoa maji kwa kasi.
Tiba ni ya wiki mbili.
Kabatini ilibaki dawa ya siku nne.

Kwenye mchoro yeye ni nukta,
na penseli yangu haina ncha ya kutosha.

Juu yake, mstari wa juzi, yuko Nsimire,
ugonjwa uleule.
Kalamu ikajiendea yenyewe kwenye vidoa viwili.
Nikaishika.

Nikaandika yote, polepole,
hadi wino ukavuka safu, ukaingia pambizoni:
Homa ya uti wa mgongo, ya kuvu.
Dawa siku nne.
Alikuwa anatengeneza redio.