Herufi Yenye Miguu Sita

Mheshimiwa Ognyan,
au nikuite Ogi, kama enzi za dawati la tatu
karibu na jiko la kuni,
ulipoloweka ncha ya penseli mdomoni
ukipambana na ile herufi yenye miguu sita.
"Mwalimu, huyu ni mende," ulilia,
"hataki kutulia kwenye mstari."
Nikakushika mkono. Tukamtuliza, mguu baada ya mguu.

Sasa mkono ule unapiga kura Sofia.

Sikuandikii kuomba huruma.
Huruma ninayo, imejaa kabatini:
mitungi kumi na mmoja ya jemu ya plamu
na mimi sukari nimekatazwa.

Tsonka alifariki Februari, theluji ikiwa magotini.
Unamkumbuka: nesi wa shule,
aliyekushona goti ulipoteleza nyuma ya kanisa,
akakudanganya kwamba uzi ule ni wa fedha
ili usilie. Kovu bado lipo? Lishike.
Mkono uliopita hapo
ndio ulionipikia supu miaka thelathini na minne.

Desturi yetu unaijua. Mtu akifa
karatasi hubandikwa mlangoni, kwenye nguzo ya umeme, kituo cha basi:
picha, miaka, na chini yake waliofiwa.
Aliyechapisha ni mpwa wake, Krastyo,
aliyefika msibani na futikamba mfukoni
akawa anapima madirisha yangu kwa macho kwanza.
Ikasomeka: *Wanaomboleza mpwa, mke wa mpwa,
binamu wa Varna, majirani.*

Majirani!
Nilisimama mbele ya nguzo, mabasi mawili yakanipita,
natafuta nilipo.
Nilikuwa kwenye irabu ya mwisho, Ogi,
nimebanwa na Bi Stanka wa ghorofa ya pili
ambaye salamu ya Tsonka hakuwahi kuiitikia.

Jirani hajui mtu hukoroma akilalia ubavu gani.
Jirani hapashwi miguu yake ya baridi kwa tumbo la mwenzake.
Jirani hagombanii chumvi miaka yote hiyo,
kisha siku moja akaachiwa kopo zima
atie apendavyo,
na chakula kikakosa ladha.

Wenzako husema: taifa halijawa tayari, ngojeni.
Ngoja ngoja huumiza matumbo,
na langu limeumia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.
Husema familia zitavunjika.
Ipi? Yako na Desislava?
Harusini kwenu nilileta shuka alizotarizi Tsonka,
jogoo wawili wekundu pembeni.
Zilichanika? Mmezilalia, mmezaa juu yake.
Hatukuja kunyang'anya mto wa mtu.

Wala usinijibu kwamba kanisa litanuna.
Sikuomba kengele. Naomba muhuri,
ule wa mpira, wa wino wa buluu,
wa Penka karani, dirisha la nne,
anaogongea vyeti vya trekta na vya mbwa.

Karatasi ya siku arobaini niliibandika mwenyewe,
na ya miezi sita vilevile.
Kabla ya jina langu niliacha pengo.
Mvua imelisoma pengo lile kuliko watu.

Mwaka unatimia Februari.
Mswada, nasikia, utafika mezani kwenu Novemba.
Nimekwenda kwa mchapaji nikamwambia asubiri;
ameguna, lakini ameacha nafasi.
Neno lenyewe ni fupi. Kwa lugha yetu
mwanamke na mke ni neno moja,
nalo huanza na yule mende wako.

Kumwandika ulishajua. Nilikupa nyota nyekundu,
na sikuwa mwalimu wa kugawa nyota ovyo.

Haya. Kaa wima. Shika kalamu.
Mguu wa kwanza uanzie juu.