Kiriath-seferi, kwa Njia ya Mvumi

Kwenye ramani ya nyuma ya Biblia yangu
Debiri ni nukta yenye alama ya kuuliza.
Kusini mwa Hebroni, basi, mwendo wa asubuhi moja,
pengine kama kutoka hapa Mvumi hadi Handali,
milima ikianza kuchoka, nyasi zikikata tamaa.

Mwalimu Lugendo alituambia
wachimbaji wamebishana miaka mingi:
huyu ana kilima chake, yule ana chake,
wote wana vigae, wote wana majivu.
"Kimoja hakina chemchemi," alisema,
"ila visima viwili bondeni, cha juu na cha chini."
Nikaandika pembeni kwa penseli: hicho ndicho.

Zamani uliitwa Kiriath-seferi,
mji wa vitabu, husema wanaojua.
Yoshua aliupiga. Othnieli akautwaa, akapewa mke.
Baadaye wakapewa makuhani, pamoja na malisho.
Katika vitabu vyake haukubaki hata ukurasa.
Imebaki sentensi ya binti, Aksa,
aliyeshuka kwenye punda mbele ya Kalebu baba yake:
nchi uliyonipa ni kavu, nipe na maji.

Jumapili ile zamu ya kusoma ilikuwa yangu.
Baba aliketi benchi la tatu, fimbo magotini.
Kaka zangu walishagawiwa mbuga kule chini,
panapokubali mpunga mwaka wa neema;
mimi, mgongo wa mawe,
uwele wake hufika kiunoni
kisha husimama kama umesahau jambo.

Nikasoma Yoshua kumi na tano, aya ya kumi na tisa.
Nikaisoma tena.
Kasisi akakohoa.

Nje, baada ya baraka, nafungua kufuli la baiskeli:
"Mendya," akasema, "wataka nini?"
Neno kwa neno, na Baba hajui kusoma.

Hakunipa mbuga. Nisidanganye.
Alinipeleka kwenye korongo la mchanga nyuma ya makaburi,
akahesabu hatua kutoka kwenye mgunga,
akachora duara kwa ncha ya fimbo.
Hapo mama yake alichimba mwaka wa njaa.
Hapo, na pale juu kidogo.

Dhiraa ya tatu koleo likabadili sauti.
Maji ya rangi ya chai.
Ndoo ya kwanza alikunywa punda wa kuazima,
masikio nyuma, bila kushukuru.

Ile alama ya kuuliza nimeiacha.
Wachimbaji nao wana kazi yao.